SHEIKH AHMAD BIN NAAMAN: MJUMBE WA UNGUJA ALIYETUMWA MAREKANI





 Kama ilivyo ada yetu, katika ukurasa huu huwa tunakuleteeni maisha ya mtu mmoja katika wale waliotutangulia, ili wakubwa wakumbuke na watoto wajue.

Safari hii tulitaka kuandika juu ya kazi ya ubalozi, yaani kazi ya mtu kutumwa na nchi yake akaiwakilishe katika nchi ya watu. Kabla ya kuanza kuandika tuliwauliza wanafunzi wa darasa la juu: nani alikuwa mjumbe wa mwanzo kutumwa Marekani kutoka hapa Unguja? Wengine walitaja majina ya mabalozi wa zama hizi. Wengine walicheka, wakidhani tunawatolea kitendawili. Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la Sheikh Ahmad bin Naaman. Hapo ndipo tulipoona kuwa wajibu wetu ni kuyaeleza maisha yake, kwa sababu mtu huyu picha yake imehifadhiwa Marekani mpaka leo, na sisi tunaoishi mwendo mdogo wa miguu kutoka bandari aliyoondokea hatumjui.

UNGUJA WAKATI ULE

Tukitoka hapa Mlandege tukavuka Darajani, tukaingia Mji Mkongwe na kuteremka mpaka Forodhani, hatutumii hata nusu saa. Lakini zama za Sheikh Ahmad baina yetu na Mji kulikuwa na mkono wa bahari unaojaa na kukupwa, na huku kwetu kukiitwa Ng'ambo kwa sababu hiyo. Mtu akisimama upande wa Mji akitazama baharini alikuwa akiona majahazi ya Waarabu, ya Wahindi na ya Waswahili yakiwa yametia nanga, na katikati yao merikebu kubwa za Kizungu.

Mtawala alikuwa Seyyid Said bin Sultan. Alishika utawala wa Oman tangu mwaka 1806, na baadaye akaipenda Unguja hata akaifanya kuwa makao yake. Alihimiza kupandwa mikarafuu, akawapa nafasi wafanyabiashara wa Kihindi, na akafungua mlango kwa wageni kutoka mbali. Pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu zilikusanywa hapa Unguja, na kutoka hapa zikapelekwa duniani kote.

Katika wageni hao, waliokuwa wakija kwa wingi zaidi ni Wamarekani, na hasa watu wa mji mmoja mdogo wa bandari unaoitwa Salem, katika jimbo la Massachusetts. Watu wa Salem walileta nguo nyeupe za pamba zilizofumwa viwandani kwao. Nguo hizo zilipendwa mno huku kwetu na bara, hata zikaitwa kwa jina la nchi zilikotoka, yaani marekani. Mpaka leo bibi zetu wakisema wanataka marekani dukani, wanakusudia kitambaa, hawakusudii nchi. Neno hilo ni kumbukumbu ya biashara tunayoieleza hapa.

WAMAREKANI WAJA UNGUJA

Mmoja wa Wamarekani hao alikuwa Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Mwaka 1828 alikutana na Seyyid Said hapa Unguja. Seyyid alimueleza kuwa anataka urafiki na biashara na Marekani. Roberts aliporudi kwao alilifikisha jambo hilo kwa wakubwa, na Rais Andrew Jackson akamtuma kuwa mjumbe wake katika nchi za Mashariki. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Muscat. Wamarekani walipewa ruhusa ya kufanya biashara katika bandari za Seyyid, wakilipa ushuru wa asilimia 5 tu, na wakapewa haki ya kuweka konseli wao.

Mwaka 1835 Roberts alirudi na mkataba uliokwisha kuthibitishwa na serikali yake. Alikuja na manowari iitwayo Peacock. Karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ya Oman, manowari hiyo ilipanda mwamba, na mabaharia wakalazimika kuitupa baharini baadhi ya mizinga yao ili chombo kipate wepesi kielee. Seyyid Said alipopata habari alipeleka msaada haraka, na baadaye akaamrisha mizinga iliyotupwa iokolewe irejeshwe kwa wenyewe. Tunawaomba wasomaji walikumbuke tukio hili, kwa sababu tutalirudia huko mbele. Ama Roberts hakujaaliwa kufika kwao tena. Aliugua akiwa safarini akafa Macau, katika pwani ya China, mwezi wa Juni 1836.

Mwezi wa Machi 1837 akafika Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye ni mtu wa Salem. Kazi ya konseli wakati ule haikuwa kama kazi ya balozi wa leo. Waters alikuwa konseli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Alishirikiana sana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodishwa forodha ya Unguja, na kwa ushirikiano huo biashara nyingi ya Wamarekani ilipita mikononi mwao wawili. Waters alikaa hapa mpaka mwaka 1844.

Basi Seyyid Said akafikiri. Wamarekani wanakuja kwake na merikebu zao, wananunua, wanauza, na faida ya safari wanaichukua wao. Kwa nini na yeye asipeleke merikebu yake mwenyewe kwao, ikauze mali na ikanunue, na pamoja na hayo ikapeleke salamu kwa Rais? Kwa kazi hiyo alihitaji chombo kizuri, na zaidi ya chombo alihitaji mtu.

NANI SHEIKH AHMAD BIN NAAMAN?

Sheikh Ahmad bin Naaman alizaliwa mwaka 1784. Alikuwa ni mtu wa kabila la Kaabi, watu wa pande za Ghuba. Aliingia katika utumishi wa Seyyid Said akawa karani wake, yaani mwandishi wake wa siri. Wakati alipotumwa Marekani alikuwa ni mtu mzima wa miaka 56.

Wanafunzi wetu wengi wakisikia neno karani hudhani ni kazi ndogo. Wakati ule haikuwa hivyo. Karani wa mtawala ndiye aliyezisoma barua zote zinazoingia na kuziandika zote zinazotoka. Alijua nani anadai na nani anadaiwa, nani rafiki na nani adui. Kazi kama ile hapewi mtu kwa sababu ya mwandiko mzuri peke yake. Hupewa mtu anayeweza kuona mengi na akanyamaza.

Sheikh Ahmad hakuwa mwana wa mfalme, wala hakuwa jemadari aliyeshinda vita. Elimu yake ya kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na uaminifu wake, ndiyo iliyomfikisha mahali ambapo watoto wengi wa wakubwa wa wakati wake hawakufika.

SAFARI YA SULTANA

Chombo kilichochaguliwa kilikuwa merikebu iitwayo Sultana. Ilijengwa Bombay mwaka 1833, ina milingoti mitatu na mizinga 14. Ndani yake walikuwamo zaidi ya watu 50. Iliondoka Muscat mwishoni mwa mwaka 1839 ikateremka na upepo wa kaskazi mpaka Unguja.

Shehena yake inafaa kutajwa, kwa sababu ndani yake tunaiona biashara yote ya nchi. Muscat ilipakia magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Unguja ilipakia pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Juu ya hayo kulikuwa na zawadi za Rais, nazo zilikuwa chini ya dhamana ya Sheikh Ahmad mwenyewe.

Mwezi wa Februari 1840 Sultana iling'oa nanga hapa Unguja. Wanafunzi wafungue ramani waifuate njia yake. Mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa, kwa hiyo walishuka kusini mpaka Rasi ya Tumaini Jema, ncha ya Afrika, kisha wakapanda bahari ya Atlantiki yote kwenda kaskazini magharibi. Hakukuwa na injini. Walikwenda kwa tanga na rehema ya Mwenyezi Mungu, karibu miezi mitatu.

Taabu yao haikuwa ya bahari peke yake. Kwa kuwa mabaharia wetu hawakuizoea njia ile, aliajiriwa Mwingereza mmoja, William Sleeman, kuwaongoza kwa nyota na vipimo. Alikuwa hodari wa kazi hiyo, lakini habari za wakati ule zinamtaja kuwa ni mlevi. Fikirini hali ya Sheikh Ahmad. Yuko katikati ya bahari asiyoijua, roho za watu zaidi ya 50 na mali ya mtawala wake ziko mikononi mwake, na mtu pekee anayejua wapi walipo ni mtu asiyejimiliki. Hakuweza kumuacha wala hakuweza kumuamini. Ilimbidi avumilie, awe macho, na amtegemee Mola wake.

Tarehe 30 Aprili 1840, nayo ni katika siku za mwisho za Mfunguo Tano mwaka 1256 Hijria, Sultana ikaingia New York.

SHEIKH AHMAD NEW YORK

Watu wa New York walikuwa hawajapata kuona merikebu ya Kiarabu ikitia nanga bandarini kwao. Habari zilienea, magazeti yakaandika, na watu wakamiminika gatini makundi kwa makundi kuja kutazama. Walitazama vilemba, kanzu, ndevu na majambia, kama ambavyo sisi tungetazama mtu wa kwanza kutufikia kutoka nchi tusiyoijua. Wengine walikuja kwa heshima na wengine walikuja kwa kushangaa tu.

Hapo ndipo kazi ya mjumbe inapoanza. Mtu akiwa kwao huweza kukosea akahesabiwa yeye peke yake. Akiwa ugenini, kosa lake huhesabiwa kabila lake, nchi yake na dini yake. Watu wale walikuwa hawajui lolote juu ya Unguja wala Oman. Watakachokiona kwa Sheikh Ahmad ndicho watakachokiamini juu yetu sote. Naye alijiweka kama inavyompasa mtu mzima mwenye haya na utulivu, hata wakubwa wa mji wakashindana kumkaribisha.

Baraza la mji wa New York lilimfanyia karamu na likamtembeza. Alipelekwa kuona gati la manowari la Brooklyn, na akapandishwa gari la moshi la Long Island. Gari la moshi lilikuwa kitu kipya hata kwa Wamarekani wenyewe. Baraza hilo pia lilimuagiza mchoraji Edward Mooney aichore sura yake. Picha ya Sheikh Ahmad iliyochorwa na Mooney imo katika jumba la makumbusho la Peabody Essex, huko huko Salem kulikotoka wafanyabiashara wa marekani. Inamuonesha mzee mwenye kilemba na ndevu, ametulia, macho yake yanamtazama anayemtazama.

Na sasa turudi katika kisa cha Peacock. Sultana ilifika New York ikiwa imechakaa kwa safari. Serikali ya Marekani iliichukua ikaipeleka katika gati la manowari la Brooklyn, chini ya Komodori Renshaw, ikatengenezwa mbao zake, milingoti yake na tanga zake, na hawakumtoza Sheikh Ahmad hata senti moja. Miaka mitano nyuma Seyyid Said aliwasaidia mabaharia waliokwama katika mwamba wa Masira bila ya kuwatoza chochote, wala hakujua kama siku moja merikebu yake mwenyewe itahitaji msaada katika nchi yao. Wema ulirudi kwa mwenyewe kutoka upande wa pili wa dunia.

ZAWADI ZA SEYYID SAID

Zawadi alizozipeleka Sheikh Ahmad kwa Rais Martin Van Buren zilikuwa za kifalme: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, marashi ya mawaridi, shali za Kashmir, zulia la Kiajemi na upanga uliotiwa dhahabu. Barua ya Seyyid na zawadi hizo zikapelekwa Washington.

Hapo likatokea jambo ambalo watu wa huku wasingelitarajia. Rais alishukuru sana, lakini alieleza kuwa sheria ya nchi yake haimruhusu kupokea zawadi kutoka kwa mfalme wa nchi nyengine bila ya idhini ya Baraza la Kongresi. Kwetu sisi kurejesha zawadi ni kumvunjia mtu uso. Kwao wao, mtumishi wa serikali kupokea zawadi bila ya idhini ni mlango wa rushwa. Mambo mawili yote yana heshima yake, na yaligongana.

Ufumbuzi ulipatikana. Mwezi wa Julai 1840 Kongresi ilitoa ruhusa zawadi zipokelewe kwa niaba ya taifa, si kwa Van Buren mwenyewe. Farasi wakauzwa mnadani na fedha zikaingia hazina ya serikali. Vitu vyengine vikawekwa kuwa mali ya umma, na baadhi yake vikaishia katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Seyyid hakuaibishwa na sheria haikuvunjwa.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Wanafunzi wetu wamesoma kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi akatenga fungu moja akasema hili nimepewa zawadi mimi. Mtume (S.A.W.) alimkemea mbele ya watu, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfikia. Kwa hivyo tusishangae kuwa taifa jengine limeweka sheria ya namna hiyo. Tushangae pale sisi wenye mafundisho hayo tunapoyaacha.

JAMBO LA KUSEMWA KWA UKWELI

Haitakuwa insafu tukayasifu haya yote tukanyamaza juu ya jambo moja kubwa. Utajiri uliopakiwa katika Sultana ulitoka katika jasho la watu, na wengi wao hawakuwa huru. Pembe zile 108 zilibebwa mabegani mwa watu kutoka bara mpaka pwani. Karafuu zile zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja. Soko la watumwa lilikuwepo hapa hapa mjini, na halikufungwa mpaka mwaka 1873. Wengi katika sisi tunaoishi Ng'ambo tuna damu ya watu wale.

Na Marekani nako hali ilikuwa ya namna yake. Katika jimbo la New York utumwa ulikwisha mwaka 1827, lakini katika majimbo ya kusini mamilioni ya watu weusi walikuwa bado watumwa, na hawakuachwa huru mpaka mwaka 1865. Pamba iliyofumwa viwandani ikawa nguo zilizokuja kuvaliwa huku ililimwa na watumwa hao. Miezi ile ile ambayo Sheikh Ahmad alikuwa akikirimiwa New York, katika jimbo jirani la Connecticut walikuwa wamezuiliwa Waafrika wa chombo kiitwacho Amistad, waliojikomboa baharini kutoka kwa waliowachukua, na serikali ya Rais yule yule Van Buren ilikuwa ikitaka warudishwe. Mahkama Kuu iliwaacha huru mwaka 1841. Hata konseli Waters, aliyetoka kwa watu wanaochukia utumwa, aliishi hapa Unguja kwa biashara iliyosimama juu ya migongo ya watumwa.

Tunayasema haya kwa sababu historia tukiichagua tu yale yanayotupendeza itakuwa ni hadithi. Sheikh Ahmad alikuwa mtu muaminifu katika kazi yake, na dunia aliyoifanyia kazi ilikuwa na dhulma kubwa ndani yake. Mambo mawili haya ni kweli kwa pamoja, na mwanafunzi wa leo anapaswa ayajue yote mawili.

KURUDI NYUMBANI

Mwezi wa Agosti 1840 Sultana iliondoka New York. Safari hii muongozaji alikuwa Mmarekani, Sandwith Drinker wa Philadelphia, ambaye aliandika daftari la safari siku baada ya siku. Merikebu ilirudi na marobota ya marekani, nguo nyekundu, shanga na bunduki. Pamoja na hivyo zilikuwemo zawadi za serikali ya Marekani kwa Seyyid Said, miongoni mwao vioo vikubwa, taa ya kutungika na silaha.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kwa hiyo ilikuja wao wakiwa bado safarini, na Idi pia. Mwezi wa Disemba 1840 wakaiona Unguja. Walikuwa nje kiasi ya miezi kumi. Mali ilirudi, majibu ya Rais yakarudi, na chombo kikarudi kizima kuliko kilivyoondoka.

Faida ya fedha ya safari ile haikuwa kubwa kama ilivyotarajiwa, na Seyyid hakuendelea kupeleka merikebu Marekani kila mwaka. Wafanyabiashara wa Salem nao hawakuwa na sababu ya kufurahia Unguja ijipelekee mali yake yenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1842, Sultana ilikwenda London, ikimchukua mjumbe mwengine wa Seyyid, Sheikh Ali bin Nasser. Lakini jina la Unguja lilikuwa limekwisha kujulikana.

Urafiki nao ulikuja kupata mtihani. Mwaka 1850 konseli wa Marekani, Charles Ward, aligombana na Seyyid kwa sababu ya mizinga ya heshima ambayo haikupigwa siku ya sikukuu ya taifa lake, akafunga ofisi akaondoka. Mwaka uliofuata ikaja manowari Susquehanna kudai heshima hiyo, na vita vikakaribia kwa jambo la mizinga ya salamu. Jambo likamalizika kwa amani. Ukikilinganisha kisa cha Ward na cha Sheikh Ahmad utaona tofauti ya wajumbe wawili: mmoja alikutana na jambo la zawadi zilizoshindwa kupokelewa, nalo lingeweza kuwa ugomvi, likapita kwa utulivu, mwengine alikutana na jambo dogo likawa kubwa.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Sheikh Ahmad aliishi miaka 29 baada ya kurudi kutoka Marekani. Alimuona Seyyid Said akifariki mwaka 1856, akiwa baharini akirejea Unguja kutoka Oman. Aliuona utawala wa Seyyid Majid, na akaiona dola ya Oman na Unguja ikigawanywa kuwa mbili. Alifariki mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 85. Mwaka huo huo Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na njia ndefu ya Rasi aliyopita yeye ikaanza kuachwa.

Habari zake nyingi tunazozijua leo zimetoka katika magazeti ya New York, barua za Wamarekani na daftari la Drinker. Wageni waliandika na wakahifadhi. Sisi wenyewe tulikuwa na makarani hodari, lakini karatasi zao ngapi tumeziacha zikaliwa na mchwa ndani ya masanduku ya wazee wetu?

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, elimu na uaminifu humpandisha mtu. Sheikh Ahmad aliinuliwa na kalamu yake na amana yake. Mwanafunzi anayeona tabu kuandika imla na kufanya hesabu alikumbuke hilo.

Pili, kila mtu ni balozi. Leo vijana wetu wanakwenda kusoma na kufanya kazi Muscat, Dubai, London, na hata Marekani kwenyewe. Huko wengi hawajui Unguja ni wapi, na wengine wana dhana mbaya juu ya Uislamu. Hawatasoma vitabu vyetu kwanza, watakutazama wewe. Na hata hapa nyumbani mtalii anayepita Darajani akikuona unamdanganya bei, atakwenda kulisimulia hilo kwao.

Tatu, wema haupotei. Mizinga iliyookolewa Masira ilirudi kwa sura ya merikebu iliyotengenezwa Brooklyn.

Nne, zawadi ina adabu yake, kwa mtoaji na kwa mpokeaji, na hasa kwa mwenye madaraka juu ya mali ya umma.

Tano, tuhifadhi. Mzazi mwenye barua, hati au daftari la babu yake asilitupe. Alilete kwa walimu au alipeleke katika Nyaraka za Taifa hapa Unguja.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini nguo ya pamba nyeupe iliitwa marekani?
2. Sultana ilipakia nini Muscat, na ilipakia nini Unguja?
3. Kwa nini Rais Van Buren hakuweza kuzichukua zawadi kwa nafsi yake?
4. Muulize mzee mmoja nyumbani kwenu: nani katika ukoo wenu aliyesafiri mbali zaidi, na alikwenda kwa kazi gani? Andika ukurasa mmoja umpelekee mwalimu wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ahmad bin Naaman na wote waliotutangulia, awarehemu na wale waliodhulumiwa ambao majina yao hayakuandikwa popote, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa wenye kuchunga amana. Amin.